Nyumba Kumi na Saba Katikati ya Maji Mawili

Mama Sekalinga alifariki siku ya sensa yenyewe, asubuhi, baada ya kunywa uji wake na kulalamika kwamba umepoa. Habari zilinikuta nyumbani kwangu Mbeya. Kesho yake nikapanda basi la alfajiri, nikateremka Ipogolo saa saba mchana, nikapanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani na, Mungu akinisaidia, ya mwisho, nikafika bondeni Nyalawe wakati wanafunika kaburi. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, wanawake upande wetu, tunasubiri chakula, alipokuja kijana mmoja aliyevaa kizibao cha makarani wa sensa, kishikwambi mkononi. Akavua kofia, akatoa pole kwa wafiwa, akaomba radhi kwamba kazi yake haina siku ya msiba. Alipofika kwangu akauliza kama usiku wa sensa nililala hapa. Nikamwambia nililala Mbeya na nimekwisha kuhesabiwa huko, asinihesabu mara mbili, nchi itadhani ina vikongwe wengi kuliko ilivyo. Akacheka. Nikaona ana adabu, nikamwambia, "Mjukuu, hebu nionyeshe mpaka wa eneo lako." Akachuchumaa, akanionyesha. Mstari ulipanda toka barabarani, ukashika mgongo wa kilima cha mashariki, ukazunguka juu ya chanzo cha maji, ukarudi kwa mgongo wa kilima cha magharibi. Bonde zima lilikuwa ndani, kama mboga ndani ya bakuli. Nikamuuliza, "Mbona hawakufuata kijito? Kijito si ndicho kinachoonekana?" Akasema, "Sijui, bibi. Nimeukuta hivyo." Mimi najua. Sikumwambia, kwa sababu aibu yangu ya utotoni nimezeeka nayo. Lakini niliporudi Mbeya nilitoa sandukuni daftari langu la mwaka 1957, lenye jalada la bluu na doa la wino lililokula kurasa sita, na sura hii inatoka humo.

Mambo ya ukoo wetu na jinsi watu wa pwani walivyofika Iringa nimeyaacha makusudi. Wapo wanaoyajua vizuri zaidi na wanaoyapenda zaidi. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la kumi, nasubiri kujua kama nitapata nafasi ya ualimu, na nilikaa Mlandege kwa mjomba wangu Shomari na mkewe, Bi Zena. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na ukumbi. Kati ya ukumbi na chumba cha katikati kulikuwa na pazia la kitambaa cha maua mekundu, na nyuma ya pazia hilo kulikuwa na meza, taa ya chemli, rula ya mbao na mimi. Nilikuwa mwoga wa watu. Si kwamba nilifundishwa kujificha. Bi Zena mwenyewe alikuwa akibishana na wauza nyama mpaka wanampa mifupa ya ziada. Mimi mtu akinitazama tu maneno yalinikauka. Kwenye daftari la tarehe za mwanzo mwanzo nimeandika: "Leo mgeni kaniuliza jina langu. Nimemjibu mezani." Maana yake nilimjibu baada ya kurudi nyuma ya pazia, kwa maandishi, kwenye daftari, na yeye hakupata kujua.

Mjomba alikuwa karani wa ofisi moja iliyopewa kazi ya kuandaa hesabu ya watu. Watu wengi hudhani hesabu ya watu ni kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza majina. Hiyo ni siku ya mwisho tu, kama siku ya arusi. Kazi yenyewe ni kuikata nchi kwanza. Nchi yote, milima na mabonde na vichaka, inakatwa vipande, kila kipande karani mmoja aweze kukimaliza kwa miguu yake, na kila kipande kinapewa namba. Mjomba alinieleza sheria zake jioni moja tunakula chapati na maharage, akichora kwa kidole kwenye unga uliobaki juu ya kibao. "Sikiliza, Salima. Kwanza, vipande visipandiane, maana aliye kwenye vipande viwili atahesabiwa mara mbili. Pili, kusiwe na mwanya kati ya kipande na kipande, maana aliye kwenye mwanya hayupo." Bi Zena akadakia toka jikoni, "Hayupo wapi, na unga kala?" Mjomba akasema, "Kwenye karatasi hayupo, mama. Na serikali inaishi kwenye karatasi." Sheria ya tatu ndiyo iliyokuja kuniponza: mpaka upite kwenye kitu ambacho mgeni akifika atakiona bila kuuliza mtu. Barabara, kijito, mgongo wa kilima. Si mti, kwa sababu mti hukatwa. Si shamba la fulani, kwa sababu fulani hufa.

Mkono wa mjomba ulianza kutetemeka mwezi wa pili. Mwanzoni alisema ni baridi. Iringa ina baridi, lakini si ya mwezi wa pili. Siku moja aliniita, akaniwekea mbele karatasi ya ramani aliyoichora kwa penseli, mistari inayumba kama njia ya kuku, akaniambia niisafishe kwa wino. Nikaisafisha. Ya pili aliniachia nichore nusu. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ananiletea madaftari ya wapima na karatasi nyeupe, mimi nachora ramani nzima, yeye anaandika jina lake pembeni akishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Wino alinunua mwenyewe. Mimi dukani sikutumwa wino, wala nibu, wala karatasi. Nilitumwa chumvi na viberiti, watu wasije wakauliza. Hatukukubaliana kwa maneno kwamba ni siri. Tulikuwa tunajua tu, kama nyumba inavyojua ngazi gani imelegea.

Na nikubali jambo moja wazi: nilikuwa hodari. Naweza kusema sasa bila kuona haya. Nilichora maeneo ishirini na mawili bila kuvuka daraja la Ipogolo hata mara moja. Vijito, mapito ya ng'ombe, makanisa, vilima, vyote vilinifikia kwa masikio. Wapima walikuja jioni, wakaketi ukumbini na mjomba, wakasimulia walichokiona, na mimi nyuma ya pazia nikachora. Aliyekuja zaidi alikuwa Kihwele, Mhehe mrefu mwenye miguu myembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea na kuhesabu hatua. Mfuko wa kulia wa koti lake ulijaa maharage mabichi. Kila hatua mia, harage moja linahamia mfuko wa kushoto. Mjomba alimuuliza siku moja kwa nini hatumii punje za mahindi kama mwenzake. Kihwele akasema, "Bwana Karani, mahindi yanakulika. Yule mwenzangu juzi kapewa mahindi ya kukaanga njiani, akayatia mfuko uleule. Kafika Tanangozi kala maili mbili." Mjomba alicheka hadi akakohoa. Mwenzake, aliyekuwepo, akajitetea, "Na wewe je? Msimu huu wa ulanzi, kila nyumba unakaribishwa pombe ya mianzi. Hatua zako za asubuhi na za jioni zinalingana?" Kihwele akajibu, "Za jioni ndefu kidogo. Lakini nazipunguza." Niliandika maneno haya yote usiku uleule, na leo nikiyasoma nasikia hata jinsi kiti cha mjomba kilivyolia.

Eneo la kumi na nne na la kumi na tano lilikuwa la Kihwele. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua inanyesha, amefika amelowa, Bi Zena kampa chai ya tangawizi na shuka la kujifunika. Akasoma kwenye daftari lake: "Toka barabarani hadi kijito Nyalawe, hatua elfu mbili na mia tatu. Hapo tukafuata maji mpaka yanapotoka." Mjomba akauliza, "Maji yana nguvu?" "Yana nguvu. Mgeni atayaona hata akiwa na matongo machoni." "Basi kijito ndicho mpaka. Mashariki kumi na nne, magharibi kumi na tano." Nikachora. Kijito kilipita katikati ya bonde, nyumba tisa upande huu, nane upande ule. Niliupenda mstari ule. Ulikuwa na mpindo mmoja mzuri karibu na chanzo, na nakumbuka nilivyoshusha pumzi nilipoumaliza bila kuinua nibu.

Mwezi wa saba, baridi imeshika, Bi Zena analala na soksi za mjomba, alianza kuja mwanamke mmoja kutuuzia mboga. Alikuwa kijana bado, labda miaka ishirini na mitano, kifua kipana, kikapu kichwani, anapiga hodi kwa "Kamwene!" ya Kihehe kabla hajaingia kwenye Kiswahili. Huyu ndiye Mama Sekalinga; Sekalinga ni jina la ukoo. Alitoka kwao kabla ya jua na kufika Mlandege watu wanakunywa chai. Kiangazi kile, majani yote ya mji yamekuwa rangi ya mkate, yeye analeta njegere mbichi, kabichi na mahindi ya kuchoma. Bi Zena alimuuliza anapata wapi mahindi mabichi mwezi wa saba. Akasema, "Vinyungu, mama. Sisi wa bondeni kiangazi ndiyo masika yetu." Vinyungu ni bustani za bondeni, matuta kwenye udongo wenye unyevu, na mimi wakati ule nilikuwa nalijua neno tu. Mbele ya wauzaji wengine nilinyamaza, lakini kwa mwanamke yule, sijui kwa nini, niliweza kuongea. Labda kwa sababu hakunitazama. Alikuwa anatazama njegere anazozimenya. Nikamuuliza kwao wapi. "Nyalawe." Nikaona fahari imenipanda. Nikasema napajua, kuna kijito kinapita katikati, nyumba tisa huku, nane kule. Akaacha kumenya. "Umefika lini?" Nikasema sijafika. "Basi nani amekwambia iko kijito katikati? Sasa hivi katikati ni kabichi."

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini maziwa huganda. Mvua zikiisha, watu wote wa bondeni wanakusanyika siku moja pale juu karibu na chanzo, wanaziba kijito kwa mawe na magogo na udongo, wanakigawa mara mbili. Nusu inaingia mfereji wa mashariki, nyuma ya nyumba tisa, chini ya kilima. Nusu inaingia mfereji wa magharibi, nyuma ya nyumba nane, chini ya kilima kile kingine. Maji yanateremka kwenye matuta kidogo kidogo toka pande zote mbili. Na pale kijito kilipokuwa, wanapanda. "Mvua ikija tunabomoa, maji inarudi mahali yake. Babu zetu walifanya hivyo." Nikachukua kaa la mkaa jikoni, nikachora sakafuni, mbele yake, ramani ile ile. Alikuwa amekaa upande wa pili kwa hiyo aliitazama kichwa chini, na bado aliielewa kabla sijamaliza. Akachukua kaa mkononi mwangu, akafuta kijito kwa kanga yake, akachora mistari miwili, mmoja kila upande wa nyumba. "Hivi," akasema.

Nilitazama sakafu. Makarani wa kuhesabu walikuwa walimu toka mjini, wageni, wamefundishwa neno moja kwa msisitizo: ukifika kwenye maji, simama, ng'ambo ni ya mwenzako. Wa kumi na nne atakuja toka mashariki, atafika kwenye maji, atasimama. Wa kumi na tano atakuja toka magharibi, atafika kwenye maji, atasimama. Kila mmoja ataziona nyumba ng'ambo, atajua kwa hakika kwamba ni za mwenzake, na atageuka. Nyumba kumi na saba katikati ya maji mawili. Ule mwanya alionieleza mjomba juu ya kibao cha unga, nilikuwa nimeuchora mimi mwenyewe, kwa wino mweusi, bila kuinua nibu.

Nikamwambia. Nilitegemea atafurahi, kwa sababu Bi Zena alisema watu wa vijijini wanaikimbia hesabu, wanadhani ni kodi. Mama Sekalinga akasema kwamba wanaume wa kwao nao wangefurahi sana na wangepika pombe. Kisha akaendelea na njegere. Baada ya muda akasema, "Mimi nataka kuhesabiwa." Akasimulia bila kupandisha sauti. Mwaka uliotangulia mtoto wake wa kwanza, Tulizo, wa miaka mitatu, alishikwa na kifua. Akambeba mgongoni kumleta hospitali mjini. Alivuka daraja la Ipogolo, akaanza kupanda mlima, akahisi mgongo umekuwa mzito. "Mtoto akilala anakuwa mzito. Nikasema amelala." Alifika hospitali ndipo wakamwambia. Na jumbe wao alikuwa amewaambia kwamba zahanati zitajengwa mahali ambapo hesabu itaonyesha watu. "Sasa wewe unaniambia sisi hatuko," akasema. Hakunilaumu. Alijipangusa mikono, akapanga njegere kwenye sahani ya Bi Zena, akatengeneza kata ya kikapu kichwani, akaenda.

Nilimwambia mjomba jioni ile, nikiwa nyuma ya pazia, kwa sababu mbele ya uso wake nisingeweza. "Karatasi zimeshapigwa muhuri," akasema. "Ziondolewe muhuri," nikasema. "Salima, nikirudisha ramani watauliza. Wakiuliza wataniambia nirekebishe. Wapi? Palepale, mezani pao, mbele ya macho yao." Sikuwa nimelifikiria hilo. Usiku nilimsikia akiongea na Bi Zena upande wa pili wa ukuta. Bi Zena alisema, "Watu kumi na saba si wengi, Shomari." Mjomba akasema, "Nyumba, si watu." "Basi nyumba. Nchi nzima hii." Kisha mjomba akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mtu aliyekaa kalamuni miaka ishirini, Zena, akiambiwa mkono wake si wake, anabaki nani?" Nilimpenda mjomba wangu. Aliyenipeleka shule ni yeye, watu wakimcheka. Nikaandika kurasa tatu za daftari, na kurasa zile tatu hazina uamuzi wowote, zina machozi na makosa.

Mama Sekalinga aliporudi wiki iliyofuata nilimuuliza swali moja tu: ninyi wenyewe mnajuaje mwisho wa Nyalawe? Anayeitwa kuja kuziba kijito ni nani, na nani haitwi? Akajibu papo hapo, mdomo umejaa muwa, "Ambaye mvua ya paa lake inateremka kwetu, huyo wetu. Ukipanda juu kabisa, pale maji inapogeuka kwenda upande mwingine, hapo umetoka." Nikahisi kama mtu kafungua dirisha. Sisi tuliokaa na karatasi tulikuwa tumeyafuata maji tukidhani yanawatenganisha watu. Kumbe watu wanakutana kwenye maji. Kinachowatenganisha ni kilima, na kilima hakuna anayekihamisha kiangazi. Mgongo wa kilima ulikuwemo ndani ya sheria za mjomba tangu mwanzo. Tuliupita kwa sababu kijito ni rahisi kukichora.

Basi nikafanya kosa la makusudi, na nalisema kama lilivyo. Nilichukua karatasi ndogo nikaandika: "Mpaka wa 14 na 15 hauko sawa. Kijito kimegawanywa kiangazi hiki, nyumba kumi na saba zitaachwa. Mpaka upite migongoni mwa vilima, bonde lote liwe la karani mmoja." Sikuweka jina. Nikaipenyeza ndani ya furushi la ramani za mwisho ambazo mjomba alizipeleka ofisini asubuhi ile akiwa amevaa koti lake jeusi. Nilimtazama akiteremka njia, furushi kwapani, na nilijiona kama nimemtilia sumu kwenye chai.

Siku ya pili alasiri gari lilisimama nje. Nilikuwa mezani. Nilisikia viatu, kisha sauti ya Bwana Shauri msaidizi, afisa wa wilaya, Mwingereza kijana aliyezungumza Kiswahili cha vitabu, kila neno limepigwa pasi. Alikataa chai, akakubali kiti. Kihwele alikuwa naye. Nilimjua kwa kikohozi. "Bwana Shomari," akasema Mwingereza, "karatasi hii imeandikwa na mkono uleule uliochora ramani. Kwa hiyo imeandikwa na wewe." Mjomba akasema, "Ndiyo, bwana." Sikutegemea aseme ndiyo. "Ni kweli yaliyomo?" Hapo Kihwele akaingilia, amechukia, "Mimi nilifuata maji! Mwezi wa tatu yalikuwa katikati, naapa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini jana nimekwenda tena, nikapima hata migongo ya vilima. Nimesimama katikati ya kabichi, bwana. Maji yako huku na huku. Ni kweli." Nikasikia karatasi inafunguliwa juu ya meza ya ukumbini. "Vizuri," akasema Mwingereza. "Gari linakwenda na ramani zote saa kumi. Tafadhali, Bwana Shomari, rekebisha sasa. Kalamu hii hapa."

Pazia lile lilikuwa na tundu moja dogo kwenye ua la tatu. Nilimwona mjomba amechukua kalamu. Akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama kawaida, akaiteremsha nibu karibu na karatasi, na nibu ikaanza kugonga karatasi, tik tik tik, ikiacha nukta. Kihwele akatazama dari. Mwingereza akatazama kofia yake. Bi Zena alikuwa mlangoni na kitambaa cha jikoni mdomoni. Nukta zikawa nyingi, kama mbegu. Nikasema moyoni, sitatoka, siwezi. Na nikiwa bado nasema hivyo nilikuta nimekwisha kusimama ukumbini, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. "Shikamoo, mjomba," nikasema, ingawa tulikuwa tumeshinda pamoja. Akasema, "Marahaba," na akanipa kalamu. Hakuitupa, hakuivuta. Alinipa kama mtu anavyompisha mwingine kwenye mlango.

Nilichora nimesimama. Nilianzia barabarani, nikapanda mgongo wa mashariki, na nukta za mjomba nilizipitisha ndani ya mstari zisionekane. Kihwele akaniinamia, akanisomea hatua toka kwenye daftari lake, sauti imekuwa ya upole, "Elfu moja mia sita, binti, hapo pinda kidogo kushoto, kuna mwamba." Nilipofika juu ya chanzo nilisita kwa sababu sikujua kilima kinakutana vipi na mwenzake, nikauliza kwa sauti, mbele ya wanaume watatu. Kihwele akanijibu. Nikateremka na mgongo wa magharibi hadi barabarani, bonde zima likawa ndani ya eneo moja, nikamaliza. Mwingereza akaipuliza karatasi, akaitazama muda mrefu, akauliza, "Tangu lini?" Mjomba akajibu kabla yangu, "Tangu mwezi wa tatu, bwana. Zote. Mpwa wangu, Salima." Mwingereza akasema, "Ni ramani nzuri," akavaa kofia, akaondoka na gari lake saa kumi kasoro.

Mjomba hakufukuzwa. Baada ya hesabu kwisha walimhamishia chumba cha majalada, kazi ya kupanga na kutafuta, isiyohitaji nibu, na alikaa huko mpaka alipostaafu. Kwangu alinyamaza siku nne. Tulikula, tukapishana, akaniambia "pisha" na "funga mlango" na basi. Siku ya tano, asubuhi, anakunywa chai, akasema bila kuinua macho, "Salima, wino umekwisha. Nenda dukani kanunue." Bi Zena akaacha kumimina chai. Nikatoka na senti mkononi, nikapita katikati ya Mlandege, nikasema kwa muuza duka kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia: chupa moja ya wino mweusi. Mwaka uliofuata nilikwenda ualimu, na nimefundisha jiografia Mbeya miaka thelathini na moja. Kila kidato cha kwanza nimewachorea bonde, nikawauliza mpaka upite wapi, na kila mwaka darasa zima limeniambia kwenye mto.

Hesabu ilifanyika mwezi wa nane. Wiki ile Mama Sekalinga alikuja bila kikapu, amevaa kanga mpya, akaketi jikoni kama mgeni wa heshima. Karani mmoja alikuwa amevuka mfereji bila kusita na kuingia nyumba zote kumi na saba, watu wa bondeni wakimfuata kuangalia kiatu chake kilichozama matopeni. "Kaniuliza, nani alilala hapa usiku. Nikataja mume wangu, mama mkwe, mimi. Halafu nikataja Tulizo." Bi Zena akasema taratibu, "Mwanangu..." Mama Sekalinga akasema, "Karani naye alisema hivyo. Akasema aliyekufa haandikwi. Nikamwambia usiandike. Weka kalamu chini, nimtaje tu, halafu shika kalamu." Na karani aliiweka kalamu chini. Alimtaja. Karani akaishika tena, akaandika watatu.

Zahanati ilijengwa, lakini miaka mingi baadaye, baada ya uhuru, na sidai kwamba ni kwa ajili ya mstari wangu. Hata ule uliokuwa kwenye kishikwambi sidai ni wangu; huenda umechorwa upya mara tano, na kila aliyeuchora akafika palepale, kwa sababu kilima ni kilima. Ninachodai ni kidogo. Siku ile ya mazishi, yule kijana alipomaliza na mimi, alimgeukia mtoto wa pili wa Mama Sekalinga, mzee sasa mwenye mvi, akamuuliza nani alilala nyumba hii usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mzee akataja wajukuu, akamtaja mkewe, akajitaja. Kisha akasita, akatazama upande wa kaburi, na nikaona kinywa chake kinajiandaa kuomba radhi. Nikasema mimi, kwa sauti, mbele ya msiba mzima, "Na mama yake. Alilala hapa. Amefariki jana asubuhi." Kijana akanitazama, akatazama kishikwambi. "Basi alikuwepo, bibi," akasema. "Jina lake nani?" Tukamtajia, na safari hii akaandika.